Usingizi wa Mama Nirav

Mafundi cherehani wengi wa Kariakoo walilijua duka la Kusum kabla ya kulijua jina lake. Ukimuuliza fundi yeyote wa Mtaa wa Sikukuu wapi utapata zipu ya rangi ya udongo, au kifungo kinachofanana na vile vilivyobaki kwenye koti la marehemu babako, atakuelekeza bila kuinua uso kwenye kazi yake: nenda kwa Mama Nirav. Duka lenyewe lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya muuza masufuria na muuza magodoro, na kuta zake zilikuwa droo za mbao kutoka sakafuni hadi darini. Mbele ya kila droo kiligongomewa kifungo kimoja kuonyesha kilichomo ndani. Mteja hakuhitaji kujua kusoma. Alinyoosha kidole, na Kusum akavuta.

Alizaliwa mjini humo humo, binti wa Mhindi aliyeshonea makarani makoti, akakulia uani pamoja na watoto wa Kizaramo. Kigujarati alikitumia nyumbani na kwa Mungu wake. Mambo mengine yote, hesabu, hasira na utani, aliyaendesha kwa Kiswahili cha Kariakoo, kile cha haraka kisichomsubiri mgeni. Akaolewa na Narendra, mwenye duka la vifungo. Katika miaka ya uhaba, uzi mweusi ulipokuwa ukitafutwa kama dawa, wao wawili waliuza walichopata na kufunga duka mapema. Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Makontena yakashuka bandarini, zipu za Kichina zikajaa madukani, na nyuma yake ikaja mitumba, hata mafundi kadhaa wakaacha kushona nguo mpya wakabaki kupunguza viuno vya suruali za Ulaya. Duka la vifungo lilinusurika, maana hata mtumba hukatika kifungo.

Narendra hakuyaona mengi ya hayo. Ruksa ilikuwa bado changa alipoingia hospitali kupasuliwa ngiri. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa mzima wa afya, akiwatania wauguzi kwamba ana sauti nzuri ya kuimba nyimbo za dini na kwa hiyo wasikate karibu na kifua. Akapewa nusukaputi, ile dawa ya kumlaza mtu kabisa. Mchana akatoka daktari, akamketisha Kusum kwenye benchi, akasema naye maneno mengi. Alisema mgonjwa ametapika akiwa usingizini, na kwamba matapishi yameingia njia isiyo yake. Kusum aliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Alilolibeba kwenda nalo nyumbani lilikuwa moja tu: nusukaputi imeniulia mume.

Kifo hicho kimoja kilifundisha watu wawili masomo mawili. Nirav, mwana wa kwanza, alikua akiamini kwamba baba yake aliuawa na uzembe, na kwamba dawa yake ni hospitali mpya, mashine mpya, madaktari kutoka nje. Mama yake alibaki akiogopa usingizi wenyewe. Vidhi, binti yake, alipong'olewa jino, Kusum alisimama mlangoni mpaka akahakikishiwa kuwa ni ganzi tu.

Aliyemsaidia kulisimamisha duka baada ya msiba ni Hajira, mwanamke wa Kilwa aliyekaa Magomeni. Hajira alikuja kuomba kazi ya kufagia, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ndiye anayekata lastiki na kuwajibu wateja wakali. Wawili hao walizeeka pamoja nyuma ya kaunta, wakitaniana kwa yale wasiyofanana. Utani wao mkubwa ulikuwa juu ya kufunga. Kusum alifunga kila siku ya kumi na moja ya mwezi, kama alivyofundishwa na mama yake: hakugusa nafaka wala dengu, lakini alikunywa maziwa, akala ndizi, karanga na viazi vya kuchemsha, kwa kuwa hivyo havikuhesabiwa kuwa chakula.

"Huko siko kufunga, Mama Nirav," Hajira alikuwa akisema. "Huko ni kubadilisha sahani."

"Na nyie mnaofunga mchana halafu magharibi mnakula cha siku tatu?"

"Hayo tuachie wenyewe, bibi wee."

Ugonjwa ulimwanza Kusum polepole. Siku moja, akiwa amekaa tu akipanga vifungo vya lulu, moyo uliruka ghafla na kuanza kupiga mbio bila sababu, kama cherehani ambayo mtoto amekanyaga pedeli. Alipata kizunguzungu, mikono ikawa baridi. Alikaa juu ya robota la kitambaa cha bitana, akabana pumzi na kusukuma kama anayejifungua, na moyo ukatulia ghafla kama ulivyoanza. Akaona ni uchovu. Ukarudi mwezi uliofuata, na baadaye kila wiki. Kwa Hajira aliuita cherehani. "Cherehani imewaka," angesema kwa sauti ya chini, na Hajira angesimama mbele yake na kumkinga na macho ya wateja mpaka ipite. Watoto hawakuambiwa. Nirav alikuwa na familia changa na duka lake la simu za mkononi, ambazo mwaka ule zilikuwa zimeanza kulia hata mifukoni mwa wasukuma mikokoteni. Vidhi alikuwa ameolewa Uingereza. Ya nini kuwatia hofu?

Siri hiyo ilifichuka hadharani. Kusum alikuwa juu ya ngazi, amenyoosha mkono kwenye droo ya juu, cherehani ilipowaka. Macho yakaingia giza. Akaishika droo, droo ikamfuata, na wakaanguka wote wawili pamoja na vifungo vya shaba ambavyo vilimwagika hadi barabarani. Mikokoteni ikasimama. Makuli, wachuuzi na wapita njia wakainama kuviokota, na muuza magodoro akavuta godoro jipya wakamlaza juu yake. Alipozinduka aliona nyuso juu yake, na kati ya hizo uso wa Nirav, ambaye Hajira alikuwa amempigia simu.

"Tangu lini?" Nirav aliuliza, na bila kungoja jibu akamgeukia Hajira. Hajira akasema yote.

Hospitali aliyompeleka ilikuwa moja ya zile zilizofunguliwa baada ya watu binafsi kuruhusiwa tena kuendesha matibabu. Ndefu, nyeupe, na harufu ya rangi mpya. Daktari wa moyo, Kasmir, mtu mpole aliyeongea huku akichora, alimweleza kuwa moyo nao una umeme wake. Umeme huo hupita njia moja kuu. Lakini wake Kusum ulizaliwa na kijinjia cha pembeni. "Ni kama nyumba ambayo mtu ameichomekea waya wa wizi," alisema. "Siku nyingi hakuna shida. Siku nyingine umeme unaingia huku, unatokea kule, unazunguka tu, na moyo unakimbia nao." Dawa ya kukata mzizi ilikuwapo. Waya mwembamba ungeingizwa kwenye mshipa wa paja, upandishwe hadi moyoni, uitafute njia ya wizi na kuichoma kwa ncha yake. Timu ya wataalamu kutoka Ahmedabad, India, ilikuwa inakuja na vifaa vyake kwa siku chache. Wangemfanyia hapa hapa Dar.

Nirav alikuwa ameshaitikia kabla daktari hajamaliza kuchora. Kusum aliuliza jambo moja tu: je, watamlaza kwa nusukaputi?

Kwa hilo alipelekwa kwa daktari wa usingizi, Josepha, mwanamke wa Ndanda mwenye umri wa binti yake. Josepha alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akavuta kiti karibu badala ya kukaa nyuma ya meza. Alisema kuna njia mbili, na kwamba mgonjwa ana haki ya kuchagua.

"Ya kwanza, nikulaze kabisa. Huoni, husikii, na mashine inakupumulia kwa mpira unaopita kooni. Uzuri wake ni kwamba hutatikisika. Ubaya wake, ugonjwa wako nao unaweza kulala, na sisi tunataka uamke ili tuuone ulipo. Ya pili ni ganzi kwenye paja, na dawa kidogo ya kukulegeza. Utasinzia na kuzinduka. Wakiuamsha ugonjwa, utausikia moyo ukienda mbio. Wakichoma, unaweza kusikia joto, hata maumivu. Na hapo usiruke wala usigeuke, mama, maana panapochomwa ni jirani na ile njia kuu. Ikiguswa hiyo, utabaki na kifaa cha betri kifuani maisha yako yote."

Kusum alitazama mikono yake. "Wewe daktari, unamchaguliaje mtu?"

"Kwanza nasikiliza anaogopa nini."

"Naogopa kutoamka," alisema Kusum. Akamweleza habari za Narendra kwa maneno machache, akiishia pale anapoishia siku zote.

Nyumbani mjadala ulikuwa mkali. Nirav alitaka mama yake alazwe kabisa, asione wala asisikie, mashine zifanye kazi yake. Kutoka Uingereza Vidhi alimuunga mkono kaka yake, sauti yake ikikatika katika simu. Kusum aliendelea kumenya kitunguu saumu.

"Mama, wewe hunyamazi hata msibani," Nirav alisema. "Utatulia juu ya meza, watu wamekuingizia waya moyoni?"

"Nilitulia nikikuzaa wewe, na ulikuwa na kichwa kikubwa."

Hajira aliyekuwa amekuja kumjulia hali aliangua kicheko, na Nirav akatoka nje. Kesho yake Kusum alirudi kwa Josepha na kusema anachagua usingizi mwepesi. Josepha hakumpinga. Alimwonya tu kuwa akishindwa kutulia, wangelazimika kumlaza kabisa katikati ya kazi, kwa hiyo matayarisho ni yale yale ya mtu wa kulazwa. Muuguzi angempa maelekezo.

Muuguzi alikuwa na foleni ndefu. Alimwambia mama aje asubuhi akiwa amefunga, asile chakula tangu usiku. Kusum akasema hilo halimpi taabu, yeye hufunga tangu utotoni. "Basi mama wewe ni fundi," alisema muuguzi, akamwita mwingine.

Siku yenyewe aliamka alfajiri. Akaoga, akawasha taa ndogo mbele ya miungu yake, akasali. Kisha, kama alivyofanya kila siku ya mfungo tangu utotoni, alichemsha maziwa na iliki, akanywa glasi moja, akala ndizi. Nafaka hakuigusa. Alipanda pikapu ya Nirav akiwa ametulia, Hajira pembeni yake akisoma dua kwa midomo tu.

Walimvalisha gauni la hospitali, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Josepha alikuja na kumuuliza maswali yale yale ya awali, jina, dawa anazotumia, meno ya bandia. Halafu akauliza tangu usiku ni kitu gani kimepita mdomoni mwake.

"Nimefunga, daktari."

"Hata maji?"

"Maji nimekunywa. Na maziwa, glasi moja. Na ndizi. Chakula sijagusa."

Josepha aliacha kuandika. Alimtazama, na Kusum akaona kwamba amekosea mahali. Daktari hakumkaripia. Alisema kosa ni lao, ilibidi waulize kufunga kwake kukoje. Kisha akamfafanulia kwa nini tumbo lazima liwe tupu. Mtu aliyelazwa kwa dawa, koo lake huacha kujilinda. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda, na kwa kuwa mwenyewe hana habari, kikashuka kwenye mapafu badala ya kurudi kilikotoka.

"Kikaingia njia isiyo yake," Kusum alisema polepole.

"Ndiyo, mama. Hivyo hasa."

Maneno yale aliwahi kuambiwa kwenye benchi la hospitali, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amekaa nayo bila kuyafungua. Sasa yalifunguka yenyewe. Aliiona chupa ya chai ya bluu aliyoibeba alfajiri ile kwenda wodini. Narendra alikuwa ameambiwa afunge, naye alifunga kama mtu wa dini afungavyo, na mkewe alimletea kile ambacho mfungo unaruhusu. Maziwa, iliki, sukari kidogo. Alimshikia kikombe. Alimfuta povu kwenye sharubu kwa ncha ya sari. Muuguzi alipopita na kuuliza kama mgonjwa amefunga, waliitikia wote wawili, kwa fahari, kwamba amefunga.

"Daktari," alisema. "Nilimpa maziwa."

"Nani, mama?"

"Baba Nirav."

Josepha alielewa. Alivuta kiti, akaketi, akaushika mkono wa Kusum uliokuwa na kibandiko cha sindano. Alisema yeye hakuwepo, na hata aliyekuwepo huenda asingejua kwa hakika. Kuna waliolazwa na tumbo tupu wakapata shida, na kuna waliokula wakaamka salama.

"Lakini yawezekana," Kusum alisema.

Ingekuwa rahisi kwa Josepha kusema hapana. "Yawezekana, mama," alijibu.

Wakakubaliana kumsogeza mpaka awe wa mwisho alasiri, tumbo likiwa limepata muda wa kumaliza kazi yake. Wakamrudisha kwenye chumba cha kungojea. Hajira alikuja kukaa naye, na Kusum akamwambia. Hajira hakutania. Aliinamisha kichwa muda mrefu, akiwa ameshika ncha ya kanga yake. "Ulimpa kwa mkono wa kulia," alisema hatimaye.

Nirav aliingia akiwa amekasirika. Alikuwa amesikia kwamba zamu ya mama yake imesogezwa, na alikuwa ameshamtafuta muuguzi wa foleni ndefu ili amwambie anachostahili. Alisema ni yale yale, uzembe ule ule uliomuua baba, na kwamba safari hii hatanyamaza.

"Nirav, kaa chini," mama yake alisema.

"Sikai, mama. Hawa watu..."

"Baba yako nilimpa maziwa mimi. Asubuhi ile. Nilidhani kufunga ni kufunga kwetu. Leo nimefanya hivyo hivyo tena, na huyu binti amenieleza kwa nini si sawa. Usimgombeze mtu yeyote kwa ajili yangu."

Nirav alisimama na funguo za gari mkononi. Kwa miaka mingi alikuwa amejenga hasira yake kama mtu anavyojenga nyumba, tofali kwa tofali, na mama yake alimwona akitafuta mahali pa kuiweka sasa ambapo msingi umeondolewa. Kisha akageuka na kutoka. Kupitia dirishani Kusum alimwona akilivuka eneo la magari, akiipita pikapu yake, akitoka getini kwa miguu.

Moyo wake ukaanza mbio. Hajira akaona, akasogea mbele yake kama alivyofanya dukani, ingawa humo hapakuwa na mteja wa kumkinga naye. Kusum alibana pumzi na kusukuma. Safari hii ilichukua muda mrefu kutulia, na ilipotulia alikuwa ameloa jasho.

Alasiri Josepha alirudi. Alisema tumbo sasa limekuwa tayari, na kwamba kwa haki yake anamuuliza upya. Kusum alikuwa amechagua usingizi mwepesi kwa sababu ya mumewe. Je, bado ni hivyo?

Kusum alikuwa ameichukia nusukaputi kama mtu anavyomchukia jirani aliyemuua ndugu yake, akaipita mbali. Na huenda haikuwa na kosa, au kosa lilikuwa nusu yake na nusu ya kikombe. Sasa angeweza kulazwa kabisa bila kuogopa kama zamani, asisikie lolote, hasa leo, siku ambayo kutosikia lolote kungekuwa nafuu. Alilitamani hilo. Alilitamani kwa dhati.

"Wewe hujaniambia mpaka leo," alisema. "Acha hofu yangu. Kwa ugonjwa huu, ipi bora?"

"Nyepesi," alisema Josepha, "kama utaweza kutulia, na kama utaniambia kweli kila nitakapokuuliza. Ugonjwa wa aina yako ukilazwa sana hujificha."

"Basi iwe hiyo hiyo. Ila ile ya kwanza nilichagua nikikimbia. Hii andika kuwa nimechagua."

Kabla hawajamsukuma alimwangalia Hajira, na Hajira akatikisa kichwa: Nirav bado.

Chumba kilikuwa baridi, kimejaa skrini. Mtaalamu mgeni, Dokta Harsh, alimsalimia kwa Kigujarati, na Kusum alipoitikia, mgeni alicheka nyuma ya kitambaa cha usoni akasema Kigujarati cha mama huyu kimetiwa nazi. Walimchoma ganzi pajani. Josepha, aliyekaa upande wa kichwa, alitia dawa mshipani, na dunia ikasogea hatua moja nyuma. Kusum alisikia sauti za watu kama anayelala chumba cha pili siku ya harusi. Alisinzia. Alizinduka. Alihisi kitu kikipita ndani yake ambacho hakikuuma, kikipapasa kama mkono unaotafuta kifungo chini ya droo.

Ndipo wakauamsha ugonjwa. Cherehani iliwaka mara moja, kwa nguvu zote, na chumbani watu wakafurahi. Hilo lilikuwa jambo geni. Kwa miaka alikuwa akiificha, na sasa watu wazima walikuwa wameizunguka wakinyoosheana vidole kwenye skrini, wakisema ndiyo hiyo, ipo pale. Josepha aliinama. "Wameiona, mama. Sasa watachoma. Usitikisike."

Joto lilianzia katikati ya kifua likapanda hadi shingoni na kwenye taya. Halikuwa joto la ngozi. Mwili wake wote ulitaka kuruka, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Akashika kingo za meza. Mbele ya macho aliyoyafumba alimwona Narendra amelala juu ya meza kama hii, mtiifu, bila mtu wa kumwambia lolote. Machozi yalimtoka yakashukia masikioni, na hakuinua mkono kuyafuta.

"Inauma?" Josepha aliuliza.

Kariakoo nzima ilimjua kwa jibu la swali hilo. Mguu ukivimba, duka likiibiwa, mume akizikwa, Mama Nirav alijibu kuwa ni salama tu.

"Inauma," alisema. "Inauma sana."

"Wapumzike kidogo. Unataka nikuongezee dawa? Ugonjwa tumeshaupata. Utalala zaidi kuliko sasa, lakini mimi niko hapa."

Aliyafungua macho. Alimwona binti yule kutoka chini, kidevu na kitambaa cha kijani, na vidole vyake kwenye bomba la sindano vikingoja ruhusa. Alijua vizuri anachoulizwa.

"Ongeza," alisema Kusum.

Akaenda. Hakuota chochote.

Alipoamka kwanza hakujua ni kitu gani kimepungua. Alisikiliza. Moyo ulikuwa unapiga taratibu, bila haraka, kama mwenye nyumba anayetembea kwake mwenyewe. Josepha alimwambia kuwa walipomaliza kuchoma walijaribu tena na tena kuuamsha ugonjwa, wakauchokoza kwa kila namna, na haukuitika. Njia kuu iko salama. Alitakiwa tu alale chali, mguu umenyooka, na mfuko wa mchanga umekandamizwa kwenye kinena ili mshipa uzibe. Asiinuke, asikohoe ovyo. Kusum alimshukuru, kisha akauliza kama amelala sana. "Kidogo tu, mama," Josepha alisema, akambonyeza begani na kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Nirav alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na ukuta. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la njia ya pembeni; alikuwa ametembea mbali. Hajira alikuwa amemwachia nafasi hiyo na kwenda kuswali.

Kusum alikuwa ameandaa la kumwambia, lakini dawa ilikuwa imelifuta. Nirav alisogeza kiti mpaka kitandani.

"Nimefika mpaka baharini," alisema. "Nilikuwa nakukasirikia wewe. Nimejaribu kweli." Akasita. "Halafu nikamkumbuka baba. Mama, hebu niambie. Hata kama yule daktari angesimama mlangoni akikataza, baba angekiacha kikombe cha maziwa ya iliki?"

Kusum alifikiri kwa uaminifu, maana swali lilistahili jibu la kweli. Alimwona Narendra akinywa maziwa ya watoto gizani na kumsingizia paka, katika nyumba isiyokuwa na paka.

"Angekunywa," alisema. "Angekunywa akaomba na cha pili."

Kicheko kilimjia pamoja na kilio, vyote kwa wakati mmoja, na tumbo lake likaanza kutikisika. Nirav aliruka akauweka mkono wake juu ya mfuko wa mchanga na kuukandamiza, akimsihi mama atulie, atulie, mguu. Kusum alijaribu kutulia. Mkono wa mwanawe ulikuwa mzito na wa moto, na hakuuondoa hata baada ya mama yake kunyamaza.